Salamu Maria Ishirini na Saba

Nina mtoto: nikimtoa juani anakufa, nikimfungia gizani anakuonyesha dunia nzima. Msinipe mji bado. Twendeni kwanza sokoni, jibu litatukuta njiani.

Ulikuwa mwezi wa saba, mwaka 1957, siku ya soko Uvira, na upepo wa ziwa ulikuwa umeamka na hasira zake. Uliwavua kina mama vilemba, ukamwaga mchangani ndagala, wale dagaa wa ziwa, wa Agathe muuza samaki, kisha ukanyakua shuka jeupe la mpiga picha mmoja na kulitupa barazani pa duka la vitambaa, juu ya cherehani ya Bernardine na juu ya Bernardine mwenyewe. Likamfunika gubigubi.

"Ee! Nani ananizika na ningali napumua?" sauti ikatoka chini ya shuka.

Soko zima likacheka. Kijana mrefu akaja mbio, shati jeupe, suruali ya kaki iliyonyooshwa hadi mkunjo wake ungeweza kukata nyanya, kamera ikimgonga kifuani.

"Samahani, mama. Ile ni shuka yangu."

Bernardine akajifunua. Alikuwa na pini tatu mdomoni, blauzi ya mikono ya kuvimba aliyoishona mwenyewe, na kitenge cha bluu chenye maua ya manjano. Akatoa pini moja moja, bila haraka.

"Mama? Minye mwenyewe nilikuzaa mwaka gani?"

"Basi dada."

"Dada yako nani? Huyu kaka hata jina hana."

"Norbert. Fundi wa picha. Na shuka imepasuka. Bila shuka nyuma yao, batu watatoka mu picha na ndagala wa Agathe juu ya kichwa."

"Ndagala wangu wana sura nzuri kuliko wateja wako!" Agathe akamjibu kutoka mchangani, na soko likacheka tena.

Bernardine akaliingiza shuka kwenye cherehani, akakanyaga. Mshono ulipokwisha, Norbert akamwambia atamlipa kwa picha. Akasimama mbele ya shuka lake mwenyewe, mkono kiunoni, akakataa kutabasamu.

"Cheka kidogo."

"Nikicheka utaongeza bei."

Wiki iliyofuata alimletea picha ikiwa ndani ya bahasha, na iliyofuata akaja na kaptula isiyopasuka popote, akisema imepasuka. Wakajuana. Bernardine alipenda vitendawili kama wengine wanavyopenda sukari, na Norbert naye akajifunza kutega. Siku moja alimtegea kile nilichowategea ninyi.

"Mtoto wako ni filamu," Bernardine akasema bila kuinua macho kwenye pindo. "Tega kingine, kile ni cha watoto wa shule, wa kwanza primaire."

Hilo ndilo jibu. Filamu. Lishikeni vizuri, maana ndilo lililotaka kuwaua watu wawili hao kwa uchungu.

*

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata ikaja barua kutoka Usumbura, mji mkubwa ng'ambo ya ziwa. Ofisi moja ilikuwa inatafuta fundi mmoja mweusi wa kwenda Ubelgiji kwa miezi miwili, kupiga picha za ngome za wafalme wa zamani, zile wanazoziita shato, na za mandhari: mito, misitu, vilima vyenye ukungu. Picha zingezungushwa vijijini watu wazione. Mafundi watatu walikuwa wameandikwa majina, na Norbert alikuwa mmoja wao.

Jioni zote za mwezi ule meza ya Bernardine, pale mtaani Kilibula, ilijaa safari. Norbert alikata picha ya shato kwenye kalenda ya misioni, akaibandika kwenye daftari, akachora kando yake jua litakapokuwa asubuhi na litakapokuwa saa kumi.

"Filamu kumi na mbili," akasema. "Kila moja picha nane. Tisini na sita, na hapana moja zaidi. Kwa kila shato, picha mbili: moja karibu na mlango, moja ya mbali na maji yake. Zilizobaki, milima."

"Na hao wafalme wako ndani?"

"Walikufa zamani. Nyumba tu ndiyo imebaki."

"Kumbe! Unavuka dunia kwenda kusalimia nyumba za batu waliokufa, na mwenye uhai unamwacha hapa na cherehani."

"Berna, mupenzi wangu. Miezi miwili tu."

"Yule wa Ernestine alisema miezi mitatu."

Norbert akafunga daftari lake. Ernestine alikuwa dada mkubwa wa Bernardine. Mchumba wake alikwenda kwenye machimbo ya Katanga, akatuma barua mbili na kipande cha sabuni, basi. Ernestine alikuwa bado anageuka kila lori liliposimama.

Hata hivyo Bernardine alimsaidia. Hakuwa mwanamke wa kukunja mikono. Alimshonea koti la kitambaa kizito, maana kule kuna baridi ya kuuma meno, na akamshonea mfuko mweusi wa kubadilishia filamu, wenye tabaka mbili na mikono miwili yenye mpira, ili Norbert aweze kutoa filamu kwenye kamera hata mlimani pasipo kivuli, bila jua kuingia. Alipokuwa akimaliza mshono wa mwisho, Norbert akiwa kando yake, shangazi yake Pudentienne, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni, akamchokoza:

"Unamshonea mabawa, mwanangu. Kuku mwenye mabawa halali kwako."

"Usijali, shangazi." Bernardine akainua sindano juu. "Nikiona ananidanganya, natoboa mfuko. Tundu moja tu. Picha zote zinakufa, na bwana anabaki Uvira."

Wakacheka wote watatu. Norbert ndiye aliyecheka zaidi. Mdomo hauna mshono, wajukuu.

*

Ofisi ya Usumbura ilileta mtihani: filamu mbili za aina mpya, zilizotengenezwa kwa ajili ya mandhari. Kila fundi apige jengo refu na mandhari, asafishe mwenyewe, apeleke Jumamosi. Norbert hakuthubutu hata kufungua boksi nje. Alilifungulia, filamu zikiwa bado zimefungwa ndani ya karatasi zake nyeusi, katika chumba chake cha giza, chini ya taa yake ndogo yenye kioo chekundu, taa ambayo kwayo alikuwa amesafisha picha za nusu ya Uvira.

Shato hakuna Uvira. Kwa hiyo alipiga picha tanuru la matofali la Kilibula, ambalo ukilitazama kutoka chini lina pembe na madirisha meusi kama ngome kabisa, na akamsimamisha Bernardine kwenye kona yake, mdogo kama kidole.

"Juu ya nini, kwa sababu gani, unaniweka huku mbali? Sitaonekana hata pua."

"Jengo bila muntu halina ukubwa. Weye ndiye utawaonyesha liko refu namna gani."

Kisha akapanda lori hadi njia ya Lemera, juu milimani, akapiga bonde la Ruzizi likiwa limelala chini ya ukungu. Akatumia filamu zote mbili, tanuru na bonde kwenye kila moja, akazitoa ndani ya mfuko mweusi.

Jumatano akasafisha ya kwanza. Alhamisi asubuhi akaingia kwa Bernardine bila kupiga hodi. Uso wake ulikuwa wa majivu. Akatupa mezani utepe wa filamu, boksi lake na vikaratasi vyote vilivyokuwamo. Utepe ulikuwa mweusi kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na tanuru wala bonde.

"Imeingia mwanga," akasema. "Yote. Hata kona moja haikupona."

"Yesu wangu. Mwanga wa wapi?"

"Weye ndiye wa kuniambia. Ilipita mu mfuko gani?"

Bernardine akaweka mkasi chini polepole.

"Norbert. Sema unachotaka kusema."

"Ulisema mwenyewe! Tundu moja tu, na bwana anabaki Uvira. Shangazi yako alikuwa hapa, alisikia!"

"Ilikuwa mchezo," shangazi Pudentienne akasema, akisimama na ungo wake.

"Mchezo umekula safari yangu, mama. Mpango wa miezi! Berna, kama hukutaka niende, ungesema kwa mdomo. Kuliko kuniua kwa sindano kama mchawi."

Neno hilo likaanguka katikati ya nyumba. Hata cherehani ilionekana kulisikia.

"Rudia," Bernardine akasema kwa sauti ndogo.

Norbert akatazama miguu yake, akatoka. Filamu ya pili ilikuwa imebaki kwake, na Ijumaa, saa sita mchana, kama alivyokwisha kusema, ilikuwa lazima aisafishe, hata kama haina matumaini, kwa sababu lori la Usumbura liliondoka Jumamosi alfajiri.

*

Bernardine hakulia. Alichukua ule mfuko mweusi, ambao Norbert alikuwa ameusahau pale nyumbani tangu Jumanne, akatoka nao uani jua likiwa utosini. Akaingiza kichwa chake ndani, akafunga mdomo wa mfuko shingoni kwa mikono miwili, akasimama.

"Weye msichana, majirani wataniuliza nini?" shangazi akamwita.

"Waambie naota jua."

Akahesabu hadi mia tatu, jasho likimtiririka, macho yakizoea giza. Hapakuwa na tundu, hata kama jicho la sindano. Akazunguka mshono baada ya mshono. Giza tupu. Alipotoka akahema, akasema, "Mfuko wangu ni mzima."

"Mimi nilijua. Sasa muonyeshe."

"Nimuonyeshe mtu aliyeniita mchawi? Wapi!"

Lakini mtu anayependa vitendawili hawezi kulala na kimoja kooni. Kama mwanga haukupita kwenye mfuko, ulipita wapi? Akakaa mezani, akavuta vile vikaratasi. Alikuwa amesoma miaka minne kwa masista. Kifaransa chake kilitembea kwa magongo, lakini kilitembea. Karatasi moja nyembamba ilikuwa na mistari myeusi mingi juu ya dawa na dakika. Chini kabisa, peke yake, ulikuwapo mstari wa wino mwekundu. Akausoma kwa kidole. *Obscurité totale. Pas de lumière rouge.* Giza kamili. Taa nyekundu hapana.

Akausoma tena.

Filamu za zamani zilikuwa hazioni wekundu. Ndiyo maana taa ya Norbert haikuzidhuru alipozifungua kuzisafisha. Hizi mpya zilikuwa na macho makali zaidi. Na yeye alifungulia boksi na kusomea karatasi hii wapi? Chini ya taa ileile. Bernardine alikuwa fundi wa nguo, alijua rangi. Uzi mwekundu, kwenye taa nyekundu, juu ya karatasi nyeupe, haupo. Onyo lilikuwa limeandikwa kwa rangi pekee ambayo Norbert asingeweza kuiona chumbani mwake.

"Shangazi," akasema, "ni taa yake mwenyewe."

"Basi mkimbilie."

Bernardine hakusimama. Nitawaambia ukweli, maana hadithi isiyo na ukweli ni mchuzi bila chumvi. Alikaa na karatasi ile siku nzima na asubuhi yote ya Ijumaa. Kama angenyamaza, hakuna mtu angejua. Norbert angeiwasha taa yake, angeiua filamu ya pili, fundi mwingine angepelekwa kwenye mashato, na Norbert angebaki Uvira akipiga picha mbele ya shuka jeupe. Baada ya mwezi angekuja kuomba msamaha. Angemwoa. Na yeye asingegeuka kila lori liliposimama, kama Ernestine. Alikuwa hahitaji hata sindano. Ilitosha kukaa kimya.

Saa tano na nusu Ijumaa alikuwa akishona kola. Akaishona kinyume. Akaifumua, akaishona kinyume tena. Akaitupa.

"Nikinyamaza," akamwambia shangazi yake, "jina alilonipa litakuwa langu kweli."

Akakamata karatasi na rozari yake, akatoka mbio kitenge kikiwa kimeshikwa mkononi, akipita kati ya wauza mihogo, baiskeli na mbuzi wa watu.

*

Chumba cha giza cha Norbert kilikuwa kijumba cha matofali nyuma ya nyumba ya baba yake mdogo Sévère. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa mbao na matope. Chini ya mlango ulipita mstari wa mwanga, na kwa ndani palikuwa na gunia la kuuziba. Bernardine akaupiga mlango kwa ngumi.

"Norbert! Umeshafungua filamu?"

Sauti ikatoka ndani: "Umekuja kumalizia kazi?"

"Umefungua ao bado?"

"Bado. Dawa iko tayari, niko nanawa mikono. Toka mlangoni, dawa inapata moto."

"Zima taa."

"Nini?"

"Taa yako nyekundu. Zima! Ndiyo ilikuua Jumatano. Filamu hii inaona hata nyekundu. Imeandikwa."

"Berna, nimefanya kazi hii miaka sita na taa hii."

"Na shuka ulifanya nayo miaka mingapi mbele ya upepo kuja?" Akapiga magoti, akapenyeza karatasi chini ya mlango. "Soma ku mwisho."

Akasikia gunia likisukumwa, karatasi ikivutwa. Moyo ulimpiga kama cherehani isiyo na uzi.

"Ku mwisho hakuna kitu," Norbert akasema. Sauti yake ilikuwa imevunjika. "Iko nyeupe. Berna, juu ya nini unanifanyia hivi?"

"Hakuna kitu kwa sababu uko nasoma na taa nyekundu! Maandiko yale ni mekundu! Lala chini, weka karatasi ku mwanga wa jua, hapa, ku vidole vyangu."

Akaingiza ncha za vidole vyake chini ya mlango. Kona ya karatasi ikagusa vidole vile, kwenye ule mstari wa jua. Akamsikia Norbert akipumua karibu na sakafu. Akamsikia akisoma, neno moja baada ya lingine.

Mwanga mwekundu uliokuwa ukichungulia kwenye ufa wa juu ukazimika.

"Nimezima," akasema gizani. Kisha, kama mtoto: "Sasa sitaona saa. Inataka dakika tisa kwa dawa. Ikipita inaungua, ikipungua inatoka hewa tu. Nitahesabu namna gani?"

"Salamu Maria moja ya polepole inachukua ngapi?"

"Sijui... tatu kwa dakika."

"Basi ishirini na saba. Minye ndiye nitasali. Weye fanya kazi."

Gunia likarudi chini ya mlango. Bernardine akavua kilemba chake akakisokota kwenye ufa wa juu, akaegemeza mgongo kwenye mlango, jua likimchoma usoni.

"Anza," sauti ikasema.

"Salamu Maria, umejaa neema..."

Hakuharakisha hata moja. Jirani mmoja akapita na ndoo, akafanya ishara ya msalaba, akauliza nani amefariki. Bernardine akamfukuza kwa jicho bila kukata sala. Kwenye ya kumi na nne Norbert akasema kutoka ndani, "Berna, nilikuita..." na Bernardine akapaza sauti zaidi: "...SASA NA SAA YA KUFA KWETU, AMINA!" Kumi na tisa. Ishirini na tatu. Alijua kila punje ya rozari iliyopita kidoleni ilikuwa inampeleka mtu huyu mbali zaidi.

"Ishirini na saba. Toa!"

Maji yakamwagika. Dakika nyingine zikapita, za dawa ya pili, zisizohitaji sala. Kisha mlango ukafunguka. Norbert alisimama amelowa jasho, utepe ukining'inia mkononi. Akauinua juani.

Picha zilikuwamo. Bonde la Ruzizi lilikuwamo na ukungu wake. Tanuru lilikuwamo, limesimama kama ngome ya mfalme. Na kwenye kona yake, mdogo kama punje ya mtama, alikuwamo mtu mwenye mkono kiunoni.

"Mupenzi wangu," Norbert akasema, "nisamehe."

Bernardine akavuta kilemba chake kutoka kwenye ufa, akakifunga upya kichwani.

"Hapana hapa. Neno ulilitupa mbele ya shangazi yangu. Utakwenda kuliokota mbele yake."

Akaenda. Alikwenda vile vile alivyokuwa, amelowa, na kupiga magoti kwenye maharage ya shangazi Pudentienne, ambaye alimwacha magotini mpaka alipomaliza kuchambua ungo mzima.

*

Jumanne, saa nne, Candide wa posta akatoka mlangoni akamwita Bernardine kwa sauti ya kusikika hadi sokoni. Simu kutoka Usumbura. Watu waliokuwa kwenye foleni ya stempu wakajibana, si kwa kumpisha, bali wasikie vizuri.

"Dakika tatu," Candide akasema, akimpa simu.

"Alo? Berna? Unanisikia?"

"Nakusikia kama uko mu debe."

"Wamenichukua! Walitazama tanuru, wakauliza ni shato la nchi gani."

Foleni ikapiga vigelegele. Bernardine akafumba macho. Alikuwa ametaka kusikia hivyo, na alikuwa ametaka asisikie, vyote viwili kwa moyo mmoja.

"Unaenda lini?"

"Mwezi wa tano. Nitarudi wa saba. Berna, sikiliza, dakika zinakwisha. Baba mudogo Sévère atafika kwenu Jumapili na pombe ya kumwona baba yako."

"Kumwona juu ya nini?"

"Juu yako."

"Na minye nani ameniuliza?"

"Niko nakuuliza sasa."

"Ku simu? Mbele ya Candide?"

"Minye sisikii kitu," Candide akasema, sikio lake likiwa limekaribia kuingia kwenye waya.

"Mbele ya posta nzima," Norbert akasema, na safari hii hakucheka. "Lile neno baya nililisema mbele ya muntu mmoja. Hili nataka wasikie wengi, nisipate pa kulikana. Na ingine: picha ni tisini na sita. Nitapiga tisini na tano. Ya mwisho nitarudi nayo ndani ya kamera, haijaguswa. Ile ni ya harusi."

Bernardine alitazama nje kupitia mlango. Lori lilikuwa limesimama barabarani, na ng'ambo yake dada yake Ernestine, kikapu kichwani, alikuwa amegeuka kulitazama.

"Dakika moja," Candide akanong'ona.

"Norbert. Kutoka mwezi wa tano mpaka wa saba, Salamu Maria ni ngapi?"

Waya ukakwaruza. "Berna... hiyo ni hesabu kubwa. Sijui."

"Minye nitajua. Ukirudi mbele ya wakati, picha zako zitatoka hewa. Ukichelewa, zitaungua. Umesikia?"

"Nimesikia. Na jibu langu?"

Foleni nzima ikasogea hatua moja.

"Mwambie baba Sévère pombe isiwe ya juzi," Bernardine akasema. "Baba yangu anajua kutofautisha."

Kabla Norbert hajamaliza kupiga kelele, Candide akakata waya. Bernardine akairudisha simu mahali pake, akanyoosha mikunjo ya kitenge chake, akavuka barabara. Alimshika Ernestine mkono, akamgeuza taratibu, wakaligeuzia lori mgongo, wakaenda nyumbani.

Njiani alitia mkono mfukoni, akaishika punje ya kwanza ya rozari yake.